Mdeni Asiye na Kitu Anadaiwa Nini?

Wahenga wetu walisema kwamba ahadi ni deni. Tumezoea kuisikia methali hii tangu utotoni, na tumezoea kuitumia kumkumbusha mtu neno alilolitoa. Lakini methali hii ina upande wa pili ambao hausemwi mara nyingi. Ikiwa ahadi ni deni, basi deni nalo ni ahadi. Anayekopa hutoa neno lake kwamba siku fulani atarudisha, na mwenziwe humpa mali kwa kuliamini neno hilo. Ndiyo sababu asiyelipa hatazamwi kama mtu aliyekosa fedha tu, bali hutazamwa kama mtu aliyevunja neno. Swali ninalotaka kulitafakari hapa ni hili: mtu aliyekopa kwa nia njema, kisha akafikwa na jambo lililomwacha mikono mitupu, anadaiwa nini? Na akiomba apunguziwe au asamehewe deni lake, je, anatenda dhambi, anaomba hisani, au anadai haki?

Kwangu mimi swali hili halikutoka vitabuni. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa mjumbe wa kamati ya mikopo katika chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Tanga. Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi tulikaa kwenye meza ndefu, tukafungua daftari, tukaanza kusoma majina ya waliochelewa. Nilikaa upande wa wanaodai. Ukikaa upande huo kwa muda mrefu, mawazo mengi uliyokuja nayo hubadilika.

Wazo la kwanza kubadilika ni lile la kudhani kwamba watu hufilisika kwa ufujaji. Mtaani ukisikia kwamba fulani ameshindwa kulipa, neno la kwanza litakalosemwa ni pombe, la pili ni wanawake, na la tatu ni kupenda makuu. Watu wa namna hiyo wapo, na mimi niliwaona. Lakini walikuwa wachache kuliko nilivyotarajia, tena wengi wao hawakukopeshwa fedha nyingi, kwani sifa zao zilijulikana. Waliotuliza vichwa walikuwa watu wa kawaida, wenye adabu zao, waliolipa vizuri kwa miaka na miaka, kisha ghafula wakasimama.

Sababu ya kwanza ilikuwa ugonjwa. Mgonjwa hupata hasara mara mbili kwa wakati mmoja: hutoa fedha nyingi kuliko kawaida, na siku hizo hizo haingizi kitu. Akiwa mgonjwa ni mtoto, basi mama naye huacha biashara ili akae naye hospitali. Sababu ya pili ilikuwa kifo cha mwenye kipato. Mwajiriwa akifa, mshahara hukoma mwezi huo huo, lakini deni halikomi, na gharama za msiba huja juu yake. Ya tatu ilikuwa kuachishwa kazi. Ya nne ilikuwa mvua kukosa kunyesha, au kunyesha kupita kiasi. Ya tano ilikuwa kumdhamini mtu mwingine: unatia sahihi kwa ajili ya ndugu au jirani, kisha deni lisilo lako linakuja kupiga hodi mlangoni pako. Ya sita ni sherehe, nayo sitaifichia aibu. Wapo waliokopa ili harusi ya binti yao isichekwe, na kwao methali ya kukopa harusi na kulipa matanga ilitimia kama ilivyo.

Katika hizo zote, ningependa msomaji aitazame vizuri ile ya kuachishwa kazi, kwa sababu sisi watu wa Tanga tunaijua kwa undani. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za katani, na sehemu kubwa ya utajiri wa mkoa huu ilitoka katika mashamba hayo. Kisha ulimwengu ukapata kamba za nyuzi za viwandani, bei ya katani ikaanguka, na mambo mengine ya usimamizi yakaongeza ubaya. Kufikia miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 40,000, na katika miaka hiyo hiyo mashirika ya umma yalikuwa yakibinafsishwa na watu wakipunguzwa. Sasa mchukue mtu aliyekuwa makenika wa kiwanda cha kusindika katani, aliyekopa ili aezeke nyumba yake kwa mabati. Alihesabu mshahara wake, akahesabu makato, hesabu ikatoka sawa. Je, alivunja neno lake kwa sababu mtu wa nchi ya mbali aligundua uzi usiooza? La hasha. Alitoa ahadi juu ya jambo lililokuwa mkononi mwake, nalo likaondolewa mkononi mwake.

Tofauti hii kati ya asiyetaka kulipa na asiyeweza kulipa si uvumbuzi wa siku hizi. Mfalme Hammurabi wa Babeli, aliyetawala karibu miaka 3,800 iliyopita, aliweka katika sheria zake kwamba mdeni ambaye shamba lake limeharibiwa na mafuriko, au nafaka yake haikuota kwa kukosa maji, asimpe mdai wake nafaka mwaka huo, wala asilipe riba ya mwaka huo. Torati ya Musa iliwaamuru Waisraeli waachilie madeni ya ndugu zao kila mwaka wa saba. Kurani inamtaka mwenye kudai ampe mdeni mwenye dhiki muda mpaka apate wasaa, na kumwambia kwamba kumsamehe ni bora zaidi. Tena imewataja wadeni miongoni mwa watu wanaostahili kupewa zaka. Watu wa zamani hizo hawakuwa wapole kutushinda sisi, kwani katika nchi hizo hizo mtu aliweza kumtoa mwanawe awe mtumwa kwa ajili ya deni. Walikuwa wamejifunza tu kwamba kijiji kikijaa watu waliofungwa na madeni, hakuna atakayelima.

Elimu hiyo husahauliwa upesi. Mwaka 1824 huko London, baba yake Charles Dickens, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri, alifungwa katika gereza la Marshalsea kwa sababu ya deni. Kijana huyo, mwenye umri wa miaka 12, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha dawa ya viatu. Ni hekima gani kumfungia mtu mahali asipoweza kupata hata senti, kisha kumwambia hatatoka mpaka alipe? Uingereza ilipunguza sana vifungo vya namna hiyo kwa sheria ya mwaka 1869. Lakini tusiwacheke. Sheria yetu wenyewe ya mwenendo wa mashauri ya madai, ya mwaka 1966, inaruhusu mdeni aliyeshindwa kesi afungwe kifungo cha madai. Mdai ndiye anayetakiwa kulipia posho ya mfungwa wake, na mfungwa akitoka gerezani deni lake bado lipo. Yaani anayedai huongeza hasara juu ya hasara ili amwone mwenziwe akiteseka.

Basi, ikiwa mtu hana kitu, na kumtesa hakuleti kitu, anadaiwa nini? Wapo watakaosema hadaiwi chochote. Mimi sikubali. Nitaeleza habari za watu wawili niliowafahamu, bila kutaja majina yao.

Wa kwanza alikuwa fundi cherehani, jirani yangu wa miaka mingi. Alikopa chamani shilingi 1,200,000 anunue mashine mbili, na wadhamini wake tulikuwa wawili. Alilipa vizuri mpaka zikabaki 800,000. Hapo akapoteza kazi ya kushona sare za shule iliyokuwa ndiyo tegemeo lake. Hakutuambia. Ili rejesho lisichelewe, alikwenda kwa wakopeshaji wa mtaani, wenye mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Chukua mfano tu, msomaji: ukikopa 100,000 kwa sharti la kurudisha 130,000 baada ya mwezi, na kila mwezi ukakopa tena ili ulipe lile la nyuma, baada ya miezi sita unadaiwa zaidi ya 480,000, na mwaka ukitimia unadaiwa zaidi ya 2,300,000. Hakuna cherehani inayoweza kushona kwa kasi hiyo. Fundi akaanza kubadilisha njia ya kwenda nyumbani. Tukikutana msikitini alitoka kabla ya watu kupeana mikono. Siku moja mashine zake zikachukuliwa, na baada ya wiki moja akaondoka usiku, akamwacha mkewe na watoto na maswali yetu.

Mimi na mwenzangu tulikatwa shilingi 400,000 kila mmoja kutoka katika akiba zetu. Sikujuta kumdhamini, kwani alikuwa mtu wa kudhaminika. Fedha ziliniuma, lakini maumivu ya fedha yalipita. Jambo ambalo halijapita mpaka leo ni kwamba kwa miezi kadhaa tuliishi ukuta kwa ukuta, tukasalimiana asubuhi na jioni, naye alikuwa anazama na mimi sikujua. Laiti angesema mapema, tungeweza kuongeza muda, au kuuza mashine moja kwa bei nzuri kabla haijachukuliwa kwa bei ya kutupa. Deni la awali lilikuwa linabebeka. Lililomwangusha ni lile alilolijenga juu yake ili alifiche la kwanza. Mficha maradhi kifo humuumbua, na ndivyo ilivyo kwa mficha deni.

Wa pili alikuwa mama mmoja mkaanga samaki. Mumewe alipatwa na kiharusi, naye akabaki peke yake na watoto. Hakungoja tarehe ya rejesho ipite. Alikuja mbele ya kamati akiwa na daftari la shule la mwanawe, ameandika ndani yake kila mtu anayemdai: chama 900,000, mkopeshaji wa mtaani 300,000, wenzake wa upatu 200,000, mwenye duka 140,000, na duka la dawa 60,000. Jumla 1,600,000. Chini yake ameandika anachopata kwa siku na anachotumia. Mwenyekiti alipomuuliza anaomba nini, alijibu: "Wazee wangu, sijui niombe nini. Nimekuja ili mjue hali yangu, halafu ninyi mniambie."

Tulisimamisha riba. Tukapunguza rejesho lake kutoka shilingi 90,000 hadi 25,000 kwa mwezi, kwa miezi 36. Kwa kuwa tulijua madeni yake mengine, tulimtuma mjumbe mmoja azungumze na mwenye duka na wenzake wa upatu, nao wakakubali kungoja. Alilipa miezi 28, yaani shilingi 700,000. Kisha mumewe akafa, na baada ya hapo hakuweza tena. Zile 200,000 zilizobaki zilipelekwa mbele ya mkutano mkuu ili zifutwe kutoka katika fungu la mikopo chechefu.

Hapo ndipo liliposimama pingamizi ambalo sijasikia lililo zito kulishinda. Mwanachama mmoja, bibi mjane anayeuza mkaa, alinyoosha mkono akasema: "Hizo fedha na mimi zangu zimo. Mimi nami nina shida zangu, na silali na njaa nikashindwa kulipa. Mkimsamehe huyu, anayelipa ni nani?" Ukumbi ulinyamaza.

Bibi yule alisema kweli. Hakuna deni linalofutwa bila mtu kulibeba. Tunapozungumza juu ya kusamehe madeni tunapenda kumfikiria mdai tajiri mwenye kitambi, lakini mara nyingi mdai wa mwisho ni mtu kama yule bibi, aliyeweka senti zake kidogo kidogo. Anayehubiri msamaha kwa mali ya wengine hana budi kulijibu swali lake.

Jibu langu, nililomwambia siku ile na ninalolishikilia hata leo, lina sehemu mbili. Kwanza, hasara ilikuwa imekwisha kutokea kabla ya sisi kuingia ukumbini. Ilitokea siku kiharusi kilipompiga yule mume. Kura yetu haikuileta hasara. Iliamua tu ikae juu ya nani: juu ya mtu mmoja aliyekwisha kulemewa, au juu ya watu mia tatu, kila mmoja kidogo. Tena riba tuliyokuwa tukitoza ilikuwa na ndani yake sehemu ya kujikinga na wale watakaoshindwa. Mkopeshaji anayepokea malipo kwa ajili ya hatari, kisha akakataa kuibeba hatari inapokuja, naye pia amevunja ahadi. Pili, na hili ndilo kubwa, tulikuwa na haki ya kupiga kura ile kwa sababu tulijua. Mama yule alituonyesha kila kitu. Tungeombwa kumfutia deni yule fundi aliyekimbia, ningepiga kura ya kukataa, ingawa alikuwa jirani yangu. Bibi hakuridhika, alipiga kura ya hapana, na hoja ikapita kwa wingi wa kura. Tulipotoka nje, nilimwona akimshika mkono yule mama na kumuuliza habari za watoto.

Hivyo basi, msomaji, mdeni asiye na kitu anadaiwa ukweli. Mali inaweza kumtoka mtu bila hiari yake, lakini ukweli haumtoki bila hiari yake. Anaweza kuulipa hata akiwa hana shilingi. Nao una thamani, kwa kuwa ndio unaompa mdai nafasi ya kujipanga, wadhamini nafasi ya kusaidia, na jamii nafasi ya kupambanua kati ya tapeli na mtu aliyepatwa na janga. Anayejitokeza mchana na daftari lake mkononi hakimbii deni. Analipa lile fungu ambalo bado lipo mkononi mwake.

Nimefurahi kuona kwamba sheria nzuri za kufilisika zimejengwa juu ya msingi huo huo. Majirani zetu wa Kenya, ambao mpaka wao si mbali na hapa, walitunga sheria mpya ya ufilisi mwaka 2015. Ndani yake mtu binafsi anaweza kufanya makubaliano ya hiari na wadai wake, au kuomba alipe kwa mafungu. Na kwa yule asiye na mali kabisa, ambaye madeni yake hayapungui shilingi za Kenya 100,000 wala hayazidi milioni 4, ipo njia ya kumfungua baada ya miezi 12, naye huruhusiwa kuipita mara moja tu. Lakini ni lazima aeleze hali yake ya mali na madeni yote. Akibainika ameficha mali, njia hufungwa; na deni lililopatikana kwa ulaghai halifutwi. Kwetu Tanzania sheria ya kufilisika imetoka enzi za ukoloni. Mdeni mwenyewe anaweza kuiomba Mahakama Kuu imtangaze kuwa muflisi, na RITA ndiyo yenye kushughulikia ufilisi. Lakini katika miaka yangu yote chamani sikumwona mkaanga samaki wala fundi cherehani aliyeijua njia hiyo, na hata angeijua, Mahakama Kuu ni mbali sana na kibanda cha cherehani.

Huenda wapo watakaosema kwamba kuomba nafuu ya deni ni jambo la fedheha. Nawakumbusha kwamba nchi yetu nzima iliomba. Mwalimu Nyerere alihoji hadharani, katika miaka ya 1980, kama ni haki watoto wa nchi maskini wakae na njaa ili madeni yalipwe. Novemba 2001 Tanzania ilikamilisha masharti ya mpango wa nafuu kwa nchi maskini zenye madeni makubwa, na mwaka 2006 ikapata msamaha mwingine. Ili kufika hapo serikali ilifungua vitabu vyake mbele ya wadai, ikahojiwa. Hatukusema kwamba taifa limekosa haya. Tulishangilia. Kwa nini basi aliye mtaani kwetu akifungua daftari lake tumwone hana haya?

Hapa sina budi kutofautisha kusema na kuanikwa. Siku hizi deni huombwa kwa simu, usiku, chumbani, bila shahidi wala mdhamini. Ni deni la siri tangu kuzaliwa kwake. Mdeni akichelewa, baadhi ya wakopeshaji wa simu wamekuwa na desturi ya kuwapigia ndugu, marafiki na hata bosi wake kumtangaza, na Kenya mwaka 2022 iliweka kanuni za kuwazuia. Kumwanika mtu hakuleti ukweli. Humfundisha mdeni anayefuata ajifiche vizuri zaidi, na kutoka hapo anakopa kwa mwingine ili wa kwanza asimtangaze. Aibu ndiyo mteja mwema wa kausha damu.

Kwa hiyo wajibu haumwangukii mdeni peke yake. Ukweli unahitaji mahali pa kusemewa. Tukimcheka anayesema, tukamnyima salamu, tukaacha kumwalika katika shughuli, tutakuwa tumewafundisha wengine waondoke usiku. Mke asiyeambiwa na mumewe, mume asiyeambiwa na mkewe, na kamati inayoogopwa kama polisi, wote huja kujua wakati mlango umekwisha kung'olewa. Unayedai, mpokee mtu aliyekuja kabla hujamwita, kwani huyo ndiye utakayepata kitu kwake. Nawe unayedaiwa, chukua kalamu leo, andika majina yote, hata lile unaloliogopa kuliko mengine, kisha anza na mtu wa nyumbani mwako. Dawa ya deni ni kulipa, ndivyo tulivyofunzwa, na mimi siipingi methali hiyo. Lakini siku ambayo fedha hakuna, kuna cha kulipa bado, na kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.